Magodoro Yaliyofika Kichwani mwa Mashine

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bosi kaleta mashine ya kupeleka ujumbe! Oda ikiingia ofisini, yenyewe inaiambia stoo, stoo inamwambia dereva. Sasa mimi, tarishi wa ghala hili la magodoro tangu bosi hajaota ndevu, nitapeleka nini? Upepo? Mtunza stoo, yule Kitambi, kanicheka mbele za watu. Eti mzee, hivyo viatu vyako peleka makumbusho. Nikamwambia tumbo lake lishatengewa chumba hukohuko. Watu wakacheka.

Jumanne, tarehe 4

Nimeokoka! Fundi wa hiyo programu ni mpwa wangu, binti wa dada. Nimemlilia mpaka akaniombea kazi ya kuijaribu. Naandika oda ya uongo, natazama kama majibu yanayorudi ndiyo yenyewe. Kaniambia, mjomba, kwenye kompyuta hii hakuna stoo wala dereva, ni vivuli vyao tu. Ujumbe unazunguka humohumo kwenye kumbukumbu ya mashine, hautoki nje, ukizima umepotea. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nazungusha kiti bosi anione. Nikaagiza magodoro sifuri. Mashine ikajibu: yamepakiwa! Mpwa akapiga makofi, eti kosa kama hilo ndilo alilokuwa analitafuta. Mimi huyo!

Alhamisi, tarehe 6

Bosi kasema kesho anaamua nani anabaki. Na oda kubwa imeingia, ya shule ya bweni, wasichana wanafika kesho asubuhi. Laini ya kweli, ile inayofika stoo yenyewe, inasuasua, maana Kitambi anajibu akijisikia. Nikaona hapahapa! Mpwa alipotoka kwenda kula, nikakaa kwenye kompyuta yake ya majaribio, ile isiyojua kuchelewa. Nikaingiza oda ya shule. Stoo: imepokelewa. Dereva: nimepakia. Mteja: yamefika, asante! Hata kupepesa jicho sijapepesa! Nikamkimbilia bosi. Kanipa mkono. Kitambi kanuna, eti hajaona godoro hata moja likitoka. Nikamwambia wivu umemziba macho.

Ijumaa, tarehe 7

Matroni wa shule kapiga simu anafoka. Wasichana wamekaa juu ya masanduku yao, vitanda ni vyuma vitupu. Bosi kaniita. Nikashikilia kwamba yamefika, twendeni kwenye kompyuta mkajionee. Mpwa alishaizima jana. Hamna kitu! Kajishika kichwa, mjomba, si nilikwambia? Hata ile asante nimeiandika mimi. Iliniuma ile asante, jamani. Kitambi na dereva wakapakia mbiombio, wakanisonya kwa zamu. Mpwa kaniombea tena. Nibaki, ila kujaribu tu, na nikiharibu tena, nyumbani. Kitambi naye kapata lake kwa bosi: oda ikiingia kwenye laini ya kweli, apakie palepale, maswali hapana.

Jumatatu, tarehe 10

Sikupumzika Jumapili, nimewaza mpaka nimelijua kosa. Wala si langu. Ni la vivuli! Kujaribu programu kwa vivuli ni kama kujifunza kuogelea kitandani. Leo mpwa kaenda kwa daktari wa meno, nikaijaribu kwenye laini ya kweli, kiume. Mteja nimembuni mwenyewe: Mfalme wa Mlima Sabuni, anataka magodoro ya jeshi zima. Nikabonyeza. Stoo: imepokelewa. Huyo Kitambi mwenyewe, na jasho lake! Dereva: nimepakia. Lori nimeliona kwa macho haya likitoka getini, limejaa mpaka juu, stoo imebaki mwangwi. Nani atasema ujumbe haukutoka? Programu nzima, haina kasoro! Dereva kanipigia sasa hivi, anauliza kasri la mfalme liko upande gani. Nimemwambia anyooke tu, ataliona. Naenda kumpa bosi habari njema.