Mazishi ya Maji na Sanda ya Mama

Jumapili, 2 Novemba. Al Amerat

Khalil tena! Mdogo wangu ametokea gazetini, picha nzima na kilemba chake, kwa kugeuza kokwa za tende kuwa mkaa. Mama ameikata picha kwa mkasi wa kushonea na kuibandika kwenye friji. Friji yangu. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye ninayekaa na Mama, na picha yangu haiko hata kwenye mlango wa choo.

Lakini leo nimepata langu. Kuna shindano la mawazo ya kijani mwisho wa mwezi, nami nina wazo ambalo hapa Maskati halijasikika. Nchi za mbali siku hizi wapo wasiochoma maiti kwa moto. Anatiwa kwenye chombo cha chuma, kwa maji ya moto na dawa ya jamii ya magadi, na baada ya saa kadhaa inabaki mifupa tu. Hakuna moshi! Si kwetu Waislamu, hasha. Sisi tuna kaburi letu na tunaelekezwa kibla. Ni kwa wageni wanaofia huku, wasio na dini ya kuwakataza. Nitasimama jukwaani. Khalil atakaa chini na kokwa zake.

Jumatatu, 3 Novemba

Utafiti. Nimekwenda Hamriya, mtaa wa wageni, na fomu ya maswali matatu. Fundi cherehani wa Kihindi alisema moto umewatosha tangu mababu, kisha akaniuliza kwa upole kama naumwa. Muuza simu alidhani nauza mashine ya maji ya kuogea, akauliza kama ina dhamana. Nimemwandika upande wa wanaounga mkono. Mwenye mgahawa alinisikia nikieleza jinsi nyama inavyolainika, mbele ya wateja wake. Akanitoa nje na kiti changu.

Nyumbani nilimwuliza Namirembe, Mganda anayemtunza Mama. Mgeni, Mkristo, ndiye mtu wangu hasa. Aliweka bakuli chini. Akasema akifa hapa arudishwe Masaka mzima mzima, azikwe kando ya migomba ya kwao, mama yake amwone uso. Ukinipika, Baba, nitarudi, akasema. Akataka niliandike hilo kwenye karatasi na nitie saini. Nimetia. Kwenye fomu nimeandika: hana uhakika.

Jumanne, 4 Novemba

Nimerekodi hotuba. Dakika tisa! Naanza kwa huzuni, maana majaji nao ni watu. Nasema, kwa jina la Mama ili liwaguse: Bi Shaikha ameshatutoka. Natua kidogo. Kisha nasema, fikirini ni mama yenu huyo, kilo hamsini na nane. Halafu naingia kwenye vipimo, maji kiasi gani, magadi kiasi gani. Habari ya kuwa ni kwa wageni tu iko dakika ya nane. Nimeituma kwenye kundi la ukoo, watu mia na kumi na mbili, kuanzia hapa mpaka Unguja na Uingereza, ili Khalil aisikie.

Hajajibu. Wivu huo.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa! Katika ukoo wetu hakuna anayesikiliza sauti ya mtu zaidi ya nusu dakika. Walisikia "ameshatutoka" wakazima, wakaanza kupigiana simu. Saa mbili asubuhi magari saba mlangoni. Mashangazi wamevaa nyeusi, mabirika ya kahawa, misahafu, kila mtu analia. Aliyewafungulia mlango ni Mama. Shangazi mmoja alizimia, bahati nzuri juu ya mwingine.

Mama aliuliza nani amekufa. Wakamwambia ni yeye. Akaitaka hiyo sauti, akaisikiliza yote, mkono shavuni. Hata pa wageni alifika, lakini haikusaidia, alikuwa ameshapita kwenye magadi. Akaniuliza polepole: "Magadi haya haya nnayotia kwenye maharage, Thabit?" Nikamjibu kwamba yale yana nguvu zaidi. Mahbuba, mke wangu, alifumba macho.

Mama hakulia. Aliomba ateremshiwe sanduku lake kutoka juu ya kabati langu. Ndani mna sanda aliyoileta Makka miaka ishirini na mbili iliyopita, imeoshwa kwa Zamzam, na karafuu maiti imefungwa kwenye kitambaa. Kwetu mzazi huiweka sanda yake kwa mtoto anayemwamini. Khalil hajawahi hata kuiona. Leo Namirembe amelibeba sanduku mpaka kwenye gari la Khalil, na Mama akafuata nyuma bila kuniaga wala kumchukua Namirembe. Juu ya kabati hapana kitu. Nimekaa nikipatazama.

Ijumaa, 7 Novemba

Msikitini nilipewa safu nzima peke yangu. Baada ya sala nikaenda Bustan, kwa Khalil. Nilimmiminia Mama chai. Hakuinywa. Mama yangu, kikombe kutoka mkononi mwangu, hakukinywa!

Akasema ameshapanga. Khalil ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea. Mimi nitasimama juu na watu. Juu na watu! Bega lake la kulia linamuuma tangu alipoanguka, na huko analazwa ubavu wa kulia. Nani atamlaza taratibu? Khalil hajui hata ni bega lipi. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaishia kukinywa kile kikombe mwenyewe.

Nililia njia nzima ya mlimani kurudi nyumbani. Mahbuba amesema la kuvunda halina ubani. Nimejitoa kwenye shindano. Sina kazi, sina jina, sina mama.

Jumapili, 9 Novemba

Mama amerudi! Mwenyewe ameomba. Huko Bustan walimkanda bega la kushoto siku tatu, naye aliona haya kusema. Amenishika kichwa, akasema mjinga wake anamjua. Ameniapisha nisitaje tena maji na maiti kwa pamoja. Nimeapa, nimelia, nimembusu mikono. Mimi ndiye nitakayemshusha. Sanda inabaki kwangu. Alhamdulillahi!

Nami ni mtu wa kiapo. Maji nimeyaacha kabisa. Ila nilipokuwa nikimsubiri nilisoma habari ya njia nyingine, na hii haina maji hata tone, wala magadi. Maiti hufunikwa vipande vya mbao na majani makavu, baada ya wiki kadhaa anakuwa udongo mweusi wa kupandia. Udongo! Si ndiko tunakokwenda sote? Nani atakataa udongo? Kosa langu mara ya kwanza lilikuwa kutuma sauti. Safari hii nitamweleza Mama ana kwa ana, na vipimo vyake nimeshavipiga.

Namirembe anatafuta ngazi alipandishe sanduku. Nimemwambia asubiri kidogo, nimemwita Mama sebuleni. Anakuja. Anatabasamu.