Ombi la Kurudishiwa Ugomvi wa Nyumbani

Eveline,
Chumba cha nyuma, jirani na stendi,
Makambako.

Kwa Baba Mdogo Yusto,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Ilembula.

YAH: KUNYIMWA UGOMVI NA NDUGU ZANGU WA DAMU

Baba Mdogo, shikamoo. Na kamwene nyote mliokaa hapo mkimsikiliza akisoma, maana hamjawahi kumwachia mtu barua aisome peke yake.

Mimi mzima, baridi tu. Naandika kama mtoto wa ukoo, lakini pia kama mwandishi wa ukurasa wa "Nyumbani Kwetu" gazetini, na mtunzi wa kitabu kimoja chenye jalada la kijani, kilichokusanya visa vya ukurasa huohuo. Kazi hii hakunifundisha mtu. Nilijifunza kwa kusoma magazeti yaliyofungia maandazi, ndiyo maana mpaka leo habari nyingi nazijua katikati tu, mwanzo na mwisho vilichukuliwa na mafuta.

Sasa kazi inakufa, na wauaji ni nyinyi. Naweka namba, ili mkibisha mjue mnabishia wapi.

1. Mnada. Mama alipotoa kitabu changu sadaka, nikajua baada ya ibada kitanadiwa pale nje pamoja na mazao, jirani atanunua, atasoma, atacheka, atamwazima mwenzake. Wewe ukapandisha bei. Jirani akapandisha, ukapandisha tena. Kitabu kikampita jogoo, kikapita debe la viazi, kikampita beberu! Watu wakapiga makofi wakidhani unajivunia mtoto wa kaka yako. Kumbe unazima moto, majirani wasisome. Ukakitia ndani ya koti, huyo ukaondoka. Leo mimi ndiye mwandishi ghali kuliko wote hapo Ilembula na sina msomaji hata mmoja.

2. Jioni hiyohiyo ukaitisha kikao, ajenda moja, mimi. Mkaazimia kwamba Eveline akija yazungumzwe mvua na viazi, basi. Baba Mdogo, Pasaka nilikaa siku nne. Niliambiwa habari za mvua mpaka nikaota ukungu. Niliuliza viazi vimeoza? Havijaoza. Kwa nini havijaoza? Mkatazamana kama nimemtukana mtu.

3. Shangazi Dorika na mumewe Ebeneza, wa kule Matamba, Makete. Hawa walikuwa nguzo ya ukurasa wangu. Miaka miwili hawasemeshani kwa ajili ya sweta. Shangazi kamfumia mume, mume kampa mdogo wake. Mimi nikamwandika "Shangazi D. wa kijiji chenye baridi", nikaona nimemficha kabisa. Makete yote ina baridi, nani angejua? Madereva wa malori wakishuka hapa njia panda, kabla hawajaagiza chai wananiuliza, "Yule wa sweta kafikia wapi?" Sasa nasikia wamepatana. Wamepatana! Katikati ya sehemu ya sita! Bila hata taarifa!

4. Hili ndilo lililoniuma. Pasaka hiyohiyo Mama alinipeleka sebuleni. Mimi. Nikawekewa kitambaa mapajani na soda mkononi kama mgeni wa usharika. Huko jikoni wanawake wanamenya viazi wanacheka, nikamsikia Shangazi Dorika, "We! Mpaka ndani ya kapu?" Nikaacha soda, nikaenda kutafuta kisu changu nimenye na wenzangu. Nilipoingia tu, kila mtu akainamia kiazi chake. Mama akasema, "Mvua ya mwaka huu, jamani." Mpaka leo sijui ndani ya kapu kulikuwa na nini, na usingizi wangu si mzuri.

Mhariri amenipa wiki tatu. Nisipopeleka kisa kipya cha familia, ukurasa anapewa Danford, yule anayeandika kilimo cha parachichi. Parachichi halina wifi, Baba Mdogo. Halinuni. Halijawahi kumgawia mdogo wake sweta.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba kikao kikae upya na kukubali yafuatayo. Kwanza, ugomvi wa Shangazi Dorika na mumewe urudishwe palepale ulipokuwa. Kama wamechoka, wawarithishe watoto, na sweta liende pamoja na ugomvi. Pili, ukoo utoe ugomvi mmoja kila wiki, ukamilike Jumanne, maana Jumatano ukurasa unafungwa. Tatu, wagombanao waseme mmojammoja, kwa sauti, na matusi ya Kibena yarudiwe polepole niandike. Nne, asiombwe mtu msamaha mpaka nifike. Magari ya Makambako yapo tele.

Nikikataliwa, nitaolewa na yeyote mwenye mama mkali, nipate mambo yangu mwenyewe ya kuandika. Lawama ya ndoa hiyo itakuwa ya kikao.

Nisalimie Mama, Shangazi na mumewe (wakiwa vyumba tofauti ikiwezekana), na jirani aliyeshindwa mnada.

Mimi niliyebaki sebuleni,
Eveline

Nyongeza: Baba Mdogo, hapa soma kimya.

Nilishafunga bahasha, Mama akapiga simu. Ameongea mpaka salio likakata, akaweka jingine. Ameniambia cha kwenye kapu. Kwamba ni kitabu changu, umekificha ghalani ndani ya kapu la mbegu za viazi. Kwamba kila jioni unaaga unakwenda kuchambua mbegu, unajifungia, unasoma kwa sauti na kumwigiza kila mtu. Na kwamba Shangazi na mumewe walikusikia nyuma ya ukuta ukisoma ile ya sweta, mara wewe mume, mara wewe mke, wakacheka mpaka wakashikana wasianguke, na ndivyo walivyopatana.

Nimecheka mpaka mwenye nyumba kagonga ukuta. Ni kisa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Siandiki. Mama kasema, "Ukinyamaza, njoo, kisu chako kipo jikoni." Nakuja Jumamosi. Yote niliyoomba hapo juu futa, ukurasa apewe Danford na maparachichi yake.

Ila nasikia ukifika kwenye maneno yangu unatoa kasauti kembamba kama ka mbuzi. Sauti yangu haiko hivyo, Baba Mdogo. Rekebisha.