Ombi la Kumwondoa Munira katika Hisabati

Ofisi ya Serikali ya Kijiji,
Kwemtindi, Korogwe.
Jumanne.

Kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Hilaria.

Shikamoo, Mwalimu.

Mimi ni karani wa ofisi ya kijiji, na ninaandika kwa maagizo ya Mwenyekiti wetu, Mzee Mwinjuma. Mpwa wake Munira, aliyemaliza Kidato cha Nne shuleni kwako, amechagua tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati. Mzee, kwa kuwa ndiye mjomba na ana kauli katika ukoo, anaomba umwite binti huyo umshauri achukue Historia, Jiografia na Kiswahili, kabla kijiji hakijaharibika. Malalamiko yetu ni haya:

1. Muhtasari wa mkutano wa mwezi uliopita ulionyesha kuwa watu 640 walihudhuria ukumbini. Munira aliupima ukumbi kwa hatua, kumi na mbili kwa nane, akasema mbele ya wajumbe kwamba kila hatua ya mraba ilibeba watu karibu saba. "Mjomba," akauliza, "walikaa au walipangwa kama magunia?" Mwalimu, muhtasari ule niliuandika mimi. Idadi niliambiwa. Tangu siku hiyo silali vizuri.

2. Kwenye harusi huko Makuyuni, Mzee alisimulia jinsi alivyobeba saruji wakati wa ujenzi wa bwawa la Hale. Munira alichukua mwaka wa ujenzi, akatoa mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kadi ya mpiga kura ya Mzee, akapata kwamba Mzee alikuwa na miaka mitatu. "Ulibeba saruji, Mjomba, au ulibebwa?" Watu walicheka hadi pilau likapoa.

3. Ugonjwa huu unaambukiza. Zamu ya maji bombani ni nusu saa kwa kila kaya. Munira aliwachorea kina mama kwa kijiti mchangani, wakaona kuwa mapipa ya nyumbani kwa Mwenyekiti hayawezi kujaa kwa nusu saa hata kama bomba lingekuwa mto Pangani. Sasa bibi yangu, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, huja ofisini na saa ya mkononi na kuniuliza, "Clinton, mjukuu wangu, dakika ngapi hizo?"

4. Hili ndilo zito. Mzee amesikia kwamba katika Hisabati ya juu kuna mada ya uwezekano, ambayo hukadiria hata jambo ambalo bado halijatokea. Uchaguzi wa kijiji bado haujatokea. Mzee anauliza, kwa heshima zote, nani aliruhusu mada hiyo.

Historia haina shida kama hizi. Yaliyopita tunayasimulia wenyewe, na mpaka sasa tumeelewana.

Hatusemi binti hana akili. Alipata alama ya juu kabisa katika Hisabati, naye husema anataka kuwa mhandisi wa maji. Tunasema tu kwamba maji tunayo, na mhandisi akipatikana ataanza kuuliza yanakwenda wapi.

Tafadhali tusaidie mapema. Wasalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na wapishi walionilisha miaka minne.

Wako mtiifu na mwenye wasiwasi,

Clinton Dunstan,
Karani.

N.B. Leo ni Jumamosi. Barua hii niliimaliza Jumanne, lakini karani makini huhakiki nukta na mkato, na kazi hiyo ilinichukua siku nne. Mfumo wa kubadilisha tahasusi ulifungwa jana. Najua kwa sababu tangazo lake nililibandika mwenyewe mlangoni. Uchaguzi wa Munira umebaki kama alivyoujaza. Mzee akikuuliza kama barua ilifika, tafadhali mwambie ilifika. Siku zilizopita hataweza kuzihesabu. Hesabu zake zote hufanywa na Munira.