Rufaa Yangu ya Kupandishwa Daraja la Hatari

Ndugu Mkuu wa Mafunzo,
Idara ya Ustawi wa Jamii.

Kwanza nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Pacha wangu wanapokezana zamu, mmoja akilala mwenzake anaanza kulilia jino, na barua ya heshima haiandikwi kwa mkono mmoja. Natumaini hujambo na semina zinaendelea.

Nimesikia maofisa wako wamefundishwa kutambua wanawake ambao waume zao wanaweza kuwaua. Ni jambo jema. Nami nilikwenda nikahojiwa, nikapewa daraja la "hatari ndogo" pamoja na kijikaratasi chenye picha ya mke na mume wanaotabasamu. Bila kumvunjia mtu heshima, naomba matokeo yangu yasahihishwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Dada wa ustawi aliniuliza, "Umewahi kunyongwa?" Nikasema hapana. Ninavyojua mimi, aliyenyongwa hurudishwa kwao amefunikwa shuka. Angeniuliza kama baba pacha amewahi kunikaba, ningemjibu kwamba hunikaba kila simu yake ikiishiwa chaji. Siku hiyo nilijifunga mtandio shingoni na sauti ilikuwa haitoki. Dada akanionea huruma, akanishauri ninywe maji ya moto.

2. "Ana silaha?" Nikajibu hana, maana silaha ni za askari. Ana visu tu, ni muuza nyama. Dada akaandika "hana", akasema afadhali mwanamume mwenye kazi yake.

3. "Unaogopa kurudi nyumbani?" Nikamwambia nyumbani siogopi, namwogopa yeye. Nikaandikwa siogopi.

4. Askari wa dawati la jinsia pale polisi alimpigia simu baba pacha ili asikie na upande wake. Akaja amenyoa ndevu, anamwita kila mtu "mkuu", pacha mmoja kamweka begani. Askari akanigeukia, "Shemeji, mtu mpole hivi, wewe ulimfanya nini?" Wakapeana namba za simu, sisi tukarudi nyumbani pamoja. Ukiona mwandiko umepinda usinicheke, tangu siku hiyo nakalia upande mmoja.

Kwa hiyo, ndugu mkuu, nina ombi. Kwa kuwa baba pacha anazijua dalili zote na hakuhitaji semina hata moja, mwajirini awe mkufunzi. Maofisa watapata mtu wa vitendo, nami nitapumua walau saa za kazi. Hilo likishindikana, nipandisheni daraja kwa kuniamini tu, naahidi sitawaangusha. Askari aliniambia kesi kubwa hujulikana baada ya tukio. Mimi baada ya tukio nitakuwa na udhuru wa kutohudhuria.

Dada wa ustawi msimkaripie. Ni binti mzuri, alinishikia mtoto muda wote wa mahojiano na akatapikiwa bila kununa. Mrudisheni tu darasani, na safari hii afundishwe kwa maneno tunayosema sisi wenye shingo.

Nisalimie maofisa wote, dereva, na mama wa chai ya semina. Nasikia chai yake inakumbukwa kuliko somo.

Mimi ambaye bado nipo,
Mama Pacha.

Tanbihi: Yote niliyoandika juu ya daraja yafute. Niliyaandika jana. Leo nimeondoka na watoto, na kwa mahesabu yenu nadhani nimeshuka zaidi, kwa kuwa siishi naye tena. Ila asubuhi ametuma ujumbe, na mara hii hakutukana hata kidogo: "Popote mlipo nawafuata." Alipokuwa akitukana nilikuwa bado napata usingizi. Kwa hiyo daraja gaweni kwa wengine, mimi nataka mtu. Nilipo siandiki, maana yule askari wa dawati ana namba ya baba pacha. Aliyekuletea barua hii ni mama mdogo wangu, naomba umkabidhi yeye vitu ambavyo bado nahitaji: askari mmoja asiyemwita mume wangu shemeji, karatasi ya mahakama ya kumzuia asitusogelee, komeo la mlango wa nyuma, la chuma, dawa ya kifua ya pacha mdogo, iliyobaki juu ya kabati kule kwake, na namba ya simu ambayo ikiita, mtu anapokea.