Mzaliwa wa 1937

Jumatatu, 18 Septemba
Mvua asubuhi. Nimesafisha baiskeli sebuleni, juu ya gazeti. Cheni imetiwa mafuta, magoti yamechuliwa. Miaka sitini na sita na bado napanda kilima cha mnara wa njiwa bila kukanyaga chini!

Habari kubwa. Bi Ghislaine, mjane wa mwokaji mikate, amenunua baiskeli ya milimani. Nilimkuta sokoni akichagua jibini za mbuzi. Kasema mwezi Mei ataufuata mto wetu kwa baiskeli mpaka baharini, siku kumi na mbili, na hataki kwenda peke yake. Mwenzi wa safari atamchagua Jumapili hii, kwenye msafara wa baiskeli wa kijiji cha Marsaguel, baada ya kuwaona watu. Alisema hivyo akinitazama mimi. Au mzani. Nadhani mimi.

Tangu nistaafu posta sijatamani kitu kama ninavyoitamani safari hii. Nitachaguliwa.

Jumanne, 19 Septemba
Nimefikiri tangu kifungua kinywa. Nikiendesha vizuri tu, nitakuwa mtu mmoja mwenye matope kati ya watu mia mbili wenye matope. Atanionaje?

Nani huitwa mbele ya wote na kupigiwa makofi? Mkongwe! Kila mwaka mshiriki mwenye umri mkubwa kuliko wote hupewa paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na meya humshika mkono. Na kwa miaka sita mfululizo mkongwe ni yuleyule, Achille Delpeyrou, seremala mstaafu, miaka themanini na miwili, mkavu kama ukuni. Hulibusu lile paja. Mwaka jana alilibusu mara mbili huku akinikodolea macho.

Mwaka huu hapati. Fomu inauliza jina, kijiji na mwaka wa kuzaliwa, basi. Kitambulisho hakiulizwi. Nimezaliwa 1957. Nitaandika 1937. Ni tarakimu moja tu, na Marsaguel hakuna aliyekuwepo nilipozaliwa.

Jumatano, 20 Septemba
Nimempigia Blandine, pacha wangu, mwenye saluni kule Figeac. Kosa. Akasema mimi nikiwa na miaka themanini na sita, naye anayo, na ana wateja. Nikamwambia Figeac ni mbali, habari hazitafika. Akasema ni kilomita thelathini. Akaongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Blandine hajawahi kuwa na maono.

Ijumaa, 22 Septemba
Mazoezi. Nimepanda mpaka jabalini na kurudi. Halafu nimejifunza uzee mbele ya kioo, kutetemesha mkono na kuguna ninaposhuka kwenye baiskeli. Kuguna hakukuhitaji mazoezi.

Sharubu nimezipaka unga. Nimezipangusa. Tusizidishe.

Jumapili, 24 Septemba
Siku yenyewe! Naandika yote kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi, uwanja wa kanisa, ukungu mtoni. Mama wa kwenye meza ya fomu aliusoma mwaka wangu, akavua miwani, akausoma tena, kisha akawaita wenzake waje kunitazama. Wakapiga makofi. Nikapewa kahawa na kizibao cha njano. Mambo yameanza vizuri, nikajisemea.

Hayakuanza vizuri. Waliopita themanini hawaruhusiwi njia ndefu. Kilomita kumi na tano tu, na wasiende peke yao. Njia yangu ya kilomita arobaini na tano, yenye mteremko wa jabali na kivuko cha kinu cha zamani, pale ambapo ningeruka maji mbele ya macho ya Ghislaine, ikaota mbawa. Nililalamika kwa ukali. Wakasema wamenielewa kabisa, wakaniletea kiti.

Na msindikizaji wangu? Achille. Eti anaijua njia fupi kuliko mtu yeyote. Alivua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, kaka mkubwa."

Watu walikuwa wanatazama. Nikaitikia marahaba.

Tukaondoka. Njia ilipita chini ya jabali, ikaufuata ukuta wa ile nyumba ya watawa iliyobomoka, ikaingia kwenye miti ya jozi. Tope zito, mawe yanateleza, raha tupu, na mimi nimebana breki kwa sababu mzee wa miaka themanini na sita hapaswi kuteremka kama mwendawazimu. Achille aliteremka kama mwendawazimu. Akanisubiri chini na swali.

Kwa kuwa nimezaliwa 1937, alisema, basi niliitwa jeshini mwaka hamsini na saba. Nilipelekwa sehemu gani ya Algeria?

Sikuwa nimelifikiria hilo! Vijana wa miaka ile walikwenda karibu wote kwenye vita vya kule. Mimi mwaka hamsini na saba nilikuwa naingia duniani. Na Achille ndiye mwenyekiti wa askari wa zamani wa bonde zima. Nikasema Oran, maana ndio mji pekee ulionijia. Akauliza kikosi gani. Nikasema jikoni. Akauliza tulikuwa tukipika nini. Nikasema chakula cha jeshi. Akatikisa kichwa taratibu, akasema ajabu, hata wao walikula hichohicho. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaongeza ngamia mmoja.

Kwenye mnara wa njiwa tulisimama kunywa maji. Bonde lote liko chini, mto unang'aa, paa za mawe, moshi wa jikoni. Achille hakuuliza kitu tena. Akasema alikuwa na rafiki, Fernand, mzaliwa wa hapa Marsaguel. Walivuka bahari pamoja, Fernand akabaki kule. Kila tarehe kumi na moja Novemba yeye Achille hulisoma jina lake mbele ya mnara wa kumbukumbu. Mbeba bendera wa askari wa zamani amefariki mwezi Aprili na hawajampata mwingine mwenye mgongo wa kusimama nusu saa.

"Tuliobaki tunahesabika kwa vidole, kaka," alisema. "Utatubebea?"

Niliona haya. Haya kwelikweli. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni, maneno mawili tu, Achille, nimedanganya. Lakini chini kule, kwenye kituo cha chakula, niliona aproni nyekundu ya Ghislaine ikizunguka kati ya meza. Na nyuma ya meza, kwenye ndoano, paja.

Nikasema itakuwa heshima kwangu.

Kituoni Ghislaine alinikalisha juani, akanifunika blanketi magotini. Aliukata mkate akatoa ganda. Soseji aliikatakata vipande vidogo kama vya kulishia kuku, akaniambia nitafune polepole. Nikamwambia naweza kumaliza kilomita arobaini na tano sasa hivi. Akanipapasa mkono, akaongeza supu.

Saa sita, zawadi. Meya, kipaza sauti, jina langu, watu wote wamesimama! Kilo saba, harufu ya kulewesha. Nililibusu mara tatu huku nikimkodolea macho Achille. Alipiga makofi kuliko wote.

Kisha Ghislaine akaja. Nilijiweka sawa, paja mkono wa kushoto ili wa kulia uwe huru.

"Ningekuchagua wewe, Bwana Firmin," alisema. "Nilishaamua tangu siku ile sokoni. Nilikuwa nakudhania una sitini na kitu. Lakini themanini na sita? Ukinifia njiani nitawaambia nini wenzako? Nitakwenda na Bwana Achille. Yeye bado kijana."

Nimerudi nyumbani nikisukuma baiskeli. Paja halifungiki kwenye usukani.

Jumatatu, 25 Septemba
Niko gazetini. Mimi, paja na umri, kwa herufi kubwa. Blandine amepiga simu saa nne asubuhi. Mteja wake wa kwanza alimpongeza kwa ngozi yake. Wa pili alimshika mkono kumvusha barabara.

Adhuhuri akafika mwenyewe, na msumeno. Amechukua nusu ya paja, ile yenye mafuta mazuri. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni na hakuwa na hasira tena, jambo lililonitisha zaidi.

"Mpigie yule mama umwambie ukweli," alisema. "Una miaka sitini na sita, Firmin. Ndicho kitu pekee anachokitaka kutoka kwako, na unacho."

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Kweli Mei ni mbali. Ghislaine atacheka, atanisamehe. Paja lililobaki nitalirudisha kwa Achille, na bendera abebe mwenye haki yake. Inauma, lakini naweza. Nitapiga simu kesho.

Jumanne, 26 Septemba
Nimepiga simu! Saa tatu kamili, nimesimama, sharubu zimechanwa, sentensi imeandikwa kwenye karatasi.

Ghislaine aliuliza kwanza kama nimevaa soksi nzito. Kisha, kabla sijafungua karatasi, akasema wana shida. Achille hawezi kubeba hema. Wanahitaji mtu wa tatu, asiyezidi sabini, mwenye magoti mazuri na anayeijua njia ya mto. Na Achille ndiye aliyemshauri aniulize mimi, eti pengine nina mtoto wa kiume. Kumbe Achille ni mtu mwema!

Karatasi ilikuwa mkononi. Paja lilikuwa mbele yangu, linaning'inia, nusu nzima. Nikalitazama. Nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nikamwambia ninaye. Ana miaka sitini na sita, na hiyo ni mara ya kwanza tangu Jumapili kutaja umri wangu wa kweli, na moyo ulifurahi. Magoti ya chuma. Alikuwa posta. Tunafanana kama shilingi kwa ya pili, ila yeye hana sharubu. Jina lake Firmin, limekuwa la ukoo.

Nikasikia Ghislaine akiziba simu kwa mkono. Nadhani alikuwa anakohoa. Kisha akasema amefurahi sana, na Jumapili tuje kunywa kahawa kwake, Achille naye atakuwepo. Tuje wote wawili, baba na mwana.

Nimeshanunua wembe. Magoti yako tayari. Paja linabaki kwangu, bendera inabaki kwangu, na Mei nitaiona bahari na Ghislaine! Baba atakuwa na mafua.