Lazaro wa Soseji

Jumapili, 26 Oktoba. Sparkhill.

Mke wangu Roselyne amenipa kitabu hiki. Wauguzi wote wodini kwao walipewa, waandike kila siku jambo moja la kushukuru. Anasema yeye hana nafasi, na tena mimi ndiye ninayekihitaji zaidi. Sijui alimaanisha nini. Haya, naanza. Namshukuru Mungu kwamba leo kanisani nimempiku Arnold.

Ilikuwa hivi. Mchungaji Damien aliuliza nani atapokea ibada ya nyumbani Ijumaa hii. Mara ya mwisho ilikuwa kwa Arnold, kule Washwood Heath. Akachoma mbuzi uani, kwenye mvua, na tangu hapo watu hawana hadithi nyingine. Na sasa tunakaribia kuchagua kiongozi wa akina baba. Arnold anajiona ameshakalia kiti. Nikainua mkono kabla Mchungaji hajamaliza kutaja tarehe. Makofi! Arnold alipiga kofi moja tu.

Kufika nyumbani, binti yangu Jelagat akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nakumbuka Ijumaa kuna nini. Nikasema kuna ibada. Macho yakaanza kumjaa machozi.

Lo! Ijumaa ni sherehe yake ya Halloween, ile ya maboga na mizuka. Nilimwahidi kwa mdomo wangu mwenyewe, tulipohamia mtaa huu, siku aliyorudi kutoka shule mpya akasema amekula chakula cha mchana peke yake. Tangu hapo hajaja mtoto hata mmoja kwetu. Sasa amepata marafiki wawili, Nilam na Deka, na wote wamekubali kuja. Ana miaka minane. Nitamwambiaje aahirishe?

Na Mchungaji nitamwambiaje? Amehubiri dhidi ya Halloween leo hii hii, na mimi nilikuwa kiti cha mbele, nikiitikia amina kwa sauti kubwa.

Suluhisho lipo. Watoto waje saa tisa alasiri, waondoke saa kumi na moja. Ibada ni saa kumi na mbili, yaani watu wetu wataanza kuingia saa moja na nusu wakilaumu foleni. Hapo katikati nitakuwa nimeshafagia ushahidi wote. Roselyne yuko shifti siku hiyo. Ameuliza kama abadilishane na mwenzake. Nimemwambia atulie, mume anaye.

Jumatatu, 27 Oktoba.

Nimetazama video ya vyakula rahisi vya Halloween kwa watoto. Mama anayepika anatabasamu mwanzo mpaka mwisho, hata akikata kitunguu. Soseji zinaviringishiwa kanda za unga, zinakuwa maiti wa kale wa Misri. Ndizi nusu zinawekwa macho ya chokoleti, zinakuwa mizuka. Chungwa dogo lililomenywa, kijiti cha tango juu, tayari ni boga. Biskuti ndefu yenye kucha ya lozi ni kidole cha mchawi. Mtoto mchanga angeweza.

Nikaenda Stratford Road kununua soseji halali, maana Nilam na Deka ni Waislamu. Buchani nikakutana na mamake Nilam. Akaniuliza kwa upole kama sherehe ni ya Halloween, kwa sababu kwao hawaisherehekei. Nikasema la, la, ni chakula cha msimu wa baridi tu! Nilipofika nyumbani, babake Deka akapiga simu. Swali lile lile. Nikampa jibu lile lile.

Kwa hivyo ni Halloween ambayo mtu pekee anayeruhusiwa kujua ni Halloween ni Jelagat. Sawa tu. Namshukuru Mungu kwa kunipa ulimi mwepesi.

Jumatano, 29 Oktoba.

Jaribio la kwanza. Ule unga wa kuviringishia unauzwa dukani tayari umesukumwa, lakini niliudharau. Mimi mtu wa Kericho, nimekula chapati tangu nina meno mawili, ninunue unga uliokandwa na mashine? Nikakanda wa chapati. Nikaukata kanda, nikawavika soseji vizuri, nikawatia kwenye oveni.

Balaa. Kanda zikakauka zikawa mishipi. Ndani soseji mbichi. Jelagat akauma moja, akaitoa mdomoni, kisha akaenda kwenye kioo kukagua jino. Vidole vya mchawi vikavimba vikawa nyayo. King'ora cha moshi kikalia mpaka jirani akabisha hodi.

Lakini nilipokuwa nimesimama kitini nikikipepea kile king'ora kwa taulo, wazo likanijia. Katika Biblia, nani alitoka kaburini amefungwa sanda? Lazaro! Basi hata Mchungaji akitokea mapema kwa bahati mbaya, mezani kuna Lazaro. Ndizi ni malaika. Vidole ni vya Tomaso, yule aliyetaka kugusa kwanza. Machungwa ni matunda ya Kanaani. Boga la kuweka mlangoni ndilo lililonisumbua, mpaka nikamkumbuka Yona amekaa chini ya mtango wake. Mtango na mmea wa boga ni ndugu, na boga halikosi kuwa binamu.

Nimejisifu kidogo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kunisifu.

Alhamisi, 30 Oktoba.

Arnold amepiga simu, eti ninahitaji msaada? Namjua. Anataka kuja kuhesabu viti vyangu. Nikamwambia kila kitu kiko tayari. Mama Héritier wa Balsall Heath naye akapiga. Huyu jina lake ni Annonciata, ametoka Bukavu, Kongo, na anapikia kanisa zima kila sikukuu. Amesikia Roselyne yuko kazini kesho. Nani atapika? Nikamwambia kila kitu kiko tayari. Akacheka kwa muda mrefu sana, kisha akakata simu.

Jioni tumechonga boga. Jelagat alichora uso mwenyewe: macho mawili ya pembetatu na meno matatu. Tukaliweka nje kwenye ngazi ya mlango. Akakaa kando yake amevaa koti, barabara yote ile ya nyumba zilizoshikana ikiwa giza tayari, na akaniuliza kama kweli Nilam na Deka watakuja. Nikasema watakuja. Akauliza je, wakifika mlangoni wabadilishe nia? Moyo uliniuma jamani. Nikamwambia hakuna mtu anayeweza kupita boga kama lile.

Ili kuokoa muda nimemenya ndizi zote usiku huu, nimezitia macho na kuziweka kwenye friji. Mtu mwenye mipango hulala bila wasiwasi. Nashukuru.

Ijumaa, 31 Oktoba.

Nimefungua friji asubuhi. Ndizi zote nyeusi! Jelagat akazitazama kwa huruma, akasema malaika wangu wanaumwa.

Nilikuwa bado nafikiria nizipake maziwa ya unga, kengele ya mlango ikalia. Saa nane mchana! Nikafungua. Mama Héritier, na sufuria mbili za sombe, kile kisamvu cha kwao. Nyuma yake akina mama wawili na magunia ya vitunguu na viazi. Nyuma yao Arnold, amebeba jiko lake la kuchomea. Na nyuma kabisa, akiteremsha viti kwenye gari, Mchungaji Damien mwenyewe.

Nilishika fremu ya mlango. Nikauliza kwani ibada si saa kumi na mbili? Mama Héritier akanitazama kama mtu aliyeugua. Mama wa nyumba yuko kazini, baba anapokea watu kwa mara ya kwanza, halafu wao wakae kwao wasubiri chakula? Tangu lini?

Na ni kweli. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Mimi mwenyewe nimeenda kumenya viazi nyumba za watu nisiowajua vizuri, kwa sababu mama alikuwa amejifungua au baba amelazwa. Nilipiga hesabu ya uchelewaji wa watu wetu wote. Hii ya kuwahi kuja kusaidia sikuipiga. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mlango wenyewe utakuwa wangu.

Nilipogeuka, Mama Héritier alikuwa ameshika boga kifuani. Anafoka. Mambo gani hii? Chakula kuachwa nje kwenye baridi! Tena kuna mtu alianza kulikata, akalitoboatoboa, akachoka! Nikafungua mdomo. Mchungaji alikuwa anapita na viti. Nikafunga mdomo. Nilipoufungua tena boga lilikuwa vipande, na karanga zinatwangwa.

Jelagat alikuwa juu anavaa mavazi yake ya paka. Hakuona kitu.

Saa tisa kamili, kengele. Nilam na mamake. Deka na babake. Wamesimama mlangoni wanatazama ndani: nyumba imejaa watu, wimbo wa kutoka Kongo unaimbwa juu ya vitunguu, moshi wa Arnold unaingia kwa dirisha la nyuma. Mamake Nilam alikuwa bado amemshika mwanawe mkono. Nikaona kabisa kwamba anafikiria kugeuka. Na Jelagat anashuka ngazi, masharubu ya paka usoni, anauliza boga lake liko wapi.

Akaingia jikoni. Nikamfuata, nao Nilam na Deka wakanifuata mimi. Kwenye sinki kulikuwa na kipande kimoja cha ganda, na jicho moja la pembetatu. Mengine yote yalikuwa yanachemka. Jelagat akalishika lile jicho. Midomo ikaanza kutetemeka. Nikaomba, kwa kweli nikaomba, siyo yale maombi yangu ya kiti cha mbele. Nikasema Mungu wangu, nipeleke popote, lakini asilie mbele ya wenzake.

Deka akachungulia sufuriani. Akauliza kwa mshangao kama wamepika uso wake. Jelagat akamtazama. Nilam akasema basi leo watakula pua. Wakacheka! Wakacheka mpaka wakakaa sakafuni, wote watatu, na Mama Héritier akacheka bila kujua kinachochekwa.

Kuanzia hapo mimi sikufanya kitu tena. Mama Héritier aliziona ndizi zangu, akazifunika kwa heshima, akatoa nyingine kwenye mfuko wake. Akazipaka ndimu zisigeuke rangi, akawapa wasichana kazi ya kuweka macho. Kanda zangu za chapati alizitupa. Akakata kanda za unga wake wa mandazi, akazivika soseji zilizokwisha kuiva, akazikaanga, na vidole vya biskuti akavioka upya. Jamani, utamu! Maiti laini, wenye harufu ya iliki.

Mchungaji akachukua mmoja, akauliza hiki ni nini. Wakati wangu huo. Nikatangaza kwa sauti: Lazaro! Akauliza, na hivi? Vidole vya Tomaso! Deka, mtoto asiyejua kudanganya, akanisahihisha kwa adabu. Akamwambia Mchungaji hao ni maiti wa Misri, vile ni vidole vya mchawi, na leo ni Halloween.

Mamake Nilam ananitazama. Babake Deka ananitazama. Arnold anatazama kila mtu.

Mchungaji akatafuna polepole. Akasema Jumapili kulikuwa na mtu kiti cha mbele aliyeitikia amina kuliko wote. Watu wakaanza kujizuia kucheka. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba ningesema tu nimemwahidi mtoto. Ibada ingehamishwa. Ahadi kwa mtoto nayo ni ibada. Halafu akauliza kama Lazaro wamebaki.

Mamake Nilam alisema alijua tangu buchani. Kikapuni nilikuwa na popo wa karatasi. Lakini aliingia, akavua koti, akanywa chai vikombe viwili, akaandikiana namba za simu na Mama Héritier kwa ajili ya lile boga la karanga. Babake Deka alimsaidia Arnold na mkaa. Watoto walikula mpaka wakalala kwenye makoti ya wageni, na ibada ikaanza wakiwa bado pale.

Walipoondoka, Jelagat alisimama mlangoni akawaambia karibuni tena. Kwa Kiswahili. Mtoto ambaye nikimsalimu kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza! Wala hakujitambua. Niliingia stoo kutafuta kitu ambacho hakijapotea.

Nashukuru. Leo sina la kuongeza.

Jumapili, 2 Novemba.

Wamemchagua Arnold. Eti kwa sababu Ijumaa alibaki akaosha sufuria zote. Nilimwona akiosha! Nikadhani anajificha kwa aibu. Somo nimelipata: siku nyingine nioshe sufuria nyumbani kwa mtu mwingine, wakati watu wengi wanatazama.

Mchungaji ameuliza nani atapokea mazoezi ya nyimbo za Krismasi. Mkono wangu ukapanda kabla hajataja tarehe. Ni siku ile ile ambayo jana nilimwahidi Jelagat awaite Nilam, Deka na darasa zima kuoka biskuti. Roselyne atakuwa shifti. Hakuna shida, mara hii nimejipanga. Watoto mchana, kwaya usiku, na nimetangazia kanisa zima kwamba Roselyne atakuwepo nyumbani siku nzima, kwa hivyo asije mtu mapema, kila kitu kiko tayari.

Mama Héritier amecheka kwa muda mrefu sana. Namshukuru Mungu, safari hii ameniamini.