Duara Halina Meza Kuu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, mheshimiwa mwenyekiti wa shughuli, ambaye amepata udhuru na nafasi yake naikaimu mimi, waheshimiwa wakuu wa idara na vitengo, mnaowakilishwa na dereva wangu, mastekholda wote, wanajeshi wetu wastaafu, mashujaa mlioilinda mipaka na sasa mna kesi ndogondogo mahakamani, akina mama mliowasindikiza, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, wahusika wataandikiwa barua.

(Makofi. Aliyeanza ni dereva wake, na aliyemaliza ni dereva huyohuyo. Mimi, mmoja wa hao akina mama, sikupiga, mikono yangu ilikuwa imeshika karatasi ya mahakama ya mwanangu. Hakimu alisema ionekane imesainiwa kwamba ameanza kuhudhuria kikundi, na iwe mezani kwake Ijumaa, la sivyo anaingia ndani miezi tisa. Leo ni Alhamisi.)

Ndugu zangu, nilipokabidhiwa ofisi hii nilijiuliza swali zito, kwa maana mimi hujiuliza maswali mazito hata nikiwa nakula: askari akirudi nyumbani, akawa halali, akawa anafoka, akampiga mtu, akashtakiwa, je, tumfanyeje? Ndipo ofisi yangu, kwa ubunifu wangu na chini ya usimamizi wangu, ikabuni Programu Jumuishi ya Tiba ya Kikundi kwa Wanajeshi Wastaafu Wenye Changamoto za Kisheria na Kiakili, Awamu ya Piloti, ambayo framiwaki yake imejadiliwa katika semina elekezi kumi na moja, na impakti yake imeshapimwa kisayansi, ikaonekana kwamba asilimia themanini na saba nukta tatu ya walengwa wamepona kabla hata kituo hakijafunguliwa, jambo ambalo wataalamu wanalistaajabia mpaka leo.

(Sauti kutoka nyuma: "Mimi ndiye hiyo nukta tatu!" Kicheko. Ni yule mzee wanayemwita Sajini, mwenye mguu wa bandia, aliyekaa kiti kilicho jirani na cha mwanangu.)

Utulivu, tafadhali. Nawaona pia mlionipa mgongo. Viti tulivipanga mistari sita, imenyooka kama rula, na nyinyi mmevigeuza mkaketi duara. Mmepata wapi idhini?

("Barua yenu, mkuu," Sajini akajibu. "Ilisema tutakaa duara, kila mtu amwone mwenzake usoni.")

Ile barua ilikuwa rasimu. Duara, ndugu zangu, lina changamoto za kiutawala. Duara halina mstari wa mbele, duara halina meza kuu. Sasa mgeni rasmi akae wapi, na chupa yake ya maji aiweke wapi? Katika nchi nilizozitembelea kujifunza, nchi nne, hoteli saba, sikuona hata mara moja mtu mwenye cheo changu akikaa duara.

(Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Samahani, baba, huyo mtaalamu wa kuwaongoza yuko wapi? Nina karatasi ya kusainiwa.")

Mama, maswali yatapokelewa kwa maandishi, nakala tatu. Sasa, kama ishara ya amani ya akili, dereva wangu ataachia maputo mia moja na ishirini, yaliyojazwa gesi kwa viwango vya kimataifa. Dereva, achia!

(Yakapanda. Yakafika kwenye bati la ukumbi, na bati lile lilikuwa na misumari iliyotokeza kwa ndani. Paa! Paa! Papapapaa! Wanaume arobaini wakalala chini kwa pamoja kama majani yaliyofyekwa. Mwanangu alinivuta, akaniangusha, akanifunika kwa mgongo wake. "Mama, usiinue kichwa!" Nikamwambia, "Baba yangu, niko salama, ni maputo tu." Moyo wake ulikuwa unadunda juu ya bega langu.)

Nimeguswa. Niseme ukweli, nimeguswa. Katika utumishi wangu wote nimepigiwa makofi, nimepigiwa vigelegele, lakini hadhira nzima kulala kifudifudi kwa heshima yangu, hilo ni la kwanza, na naagiza liingizwe kwenye ripoti kama mafanikio. Inukeni, inukeni, inatosha.

(Waliinuka polepole, wakarudi kwenye duara lao. Sajini akajipangusa vumbi, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine amesikia harufu ya baruti?" Mikono ikanyooka. Mwanangu naye akanyoosha. Akasema, "Ndivyo ilivyokuwa siku ile sokoni. Tairi la lori lilipasuka, nikamrukia yule mlinzi nikamlaza chini. Nilikuwa namwokoa. Nilimvunja taya nikiwa namwokoa." Mwaka mzima nimemuuliza, kwa upole na kwa ukali, kwa chai na kwa machozi, hakuwahi kunieleza. Sajini akamshika goti. "Mimi nilimlaza mama mkwe," akasema. Walicheka, na mwanangu akacheka nao.)

Hapo nyuma, punguzeni mazungumzo! Tuko kwenye uzinduzi wa mazungumzo! Namalizia. Nikisema "Askari akiongea," nyinyi mseme "Taifa linapona." Askari akiongea!

("Mkuu, sisi tunaongea!" wakajibu.)

Kikundi hoyee! Kapasiti bildingi hoyee! Mimi mwenyewe hoyee! Kwa heshima hiyo naukata utepe, na mlango wa kituo nautangaza kuwa wazi. Usiuguse, dereva, utatuangukia. Shukrani zangu za dhati zimwendee fundi seremala aliyetuazima mlango huu na kuuegemeza ukutani. Zimwendee mwenye viti, anayevichukua saa sita kamili. Na zimwendee mtangulizi wangu, ambaye ndani ya faili lake kituo hiki kilijengwa, kikapakwa rangi na kuajiri wataalamu wanne, na laiti faili lile lisingepotea tungejua kilijengwa wapi. Kituo hakipo, ndugu zangu, lakini uzinduzi umefana! Asanteni. Kuna kitabu cha wageni?

(Nikamsogezea karatasi yangu, kalamu juu yake.)

Karatasi moja tu? Vizuri, tunabana matumizi. "Nathibitisha kwamba aliyetajwa hapo juu amehudhuria." Naam, nimehudhuria! Nani asiyejua kwamba nimehudhuria? Dereva, lete mhuri.

(Akasaini, akagonga mhuri mara mbili kwa furaha. Sikumdanganya hakimu, maana mwanangu alihudhuria kweli. Saa sita mwenye viti akaja kuvichukua. Sajini akampa chake, akasema, "Beba tu, bwana, sisi kukaa chini tumefundishwa." Wakakaa sakafuni, duara lilelile, mwanangu akiwa katikati ya sentensi. Nikawaambia Alhamisi ijayo ni kwangu, kila mtu aje na kigoda chake, na maputo marufuku.)